Gari la Kazi na Nafasi ya Watu

Si jambo la kufichika kwa mtu yeyote aliyekulia katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika ya kwamba mji wetu wa Ujiji ulisimama juu ya mabega ya watu. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kila kilichotoka Bagamoyo kuja huku, na kila kilichotoka huku kwenda Bagamoyo, kilichukuliwa na wapagazi; na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani yapata kilo 32. Lori la leo lenye ekseli mbili likipakiwa tani 8 huwa limebeba mizigo ya wapagazi 250 kwa mara moja. Hii ni neema kubwa, wala hapana mwenye akili atakayetamani kurudi katika zama zile. Lakini mpagazi alikuwa na jambo moja ambalo lori halina. Mzigo ukimzidi nguvu, aliweza kuutua chini akanena. Lori halineni. Hubeba kila lililotiwa juu yake, na hustahimili, mpaka siku springi zitakapovunjika au breki zitakapokataa. Kwa hiyo mwenye kununua lori hana budi kunena kwa niaba yake mapema, siku ile ya kulichagua na siku ile ya kulijengea bodi.

Tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu namna sisi na ndugu zetu tulivyochagua lori la nyumba yetu na namna tulivyolitengeneza. Si kwamba sisi ni mafundi, wala si kwamba habari zetu ni bora kuliko za wengine. Lakini nyumba nyingi za Kigoma, Ujiji na Kasulu leo hujiwekea akiba kwa nia hii hii, na mashauri yanayotolewa barazani aghalabu ni juu ya nguvu ya injini na bei. Juu ya watu watakaopanda gari lile husemwa machache sana.

Kwanza twataka msomaji ajue hali ya kazi yenyewe. Nyumba yetu hufanya biashara ya namna tatu. Ya kwanza ni dagaa wakavu, ambao hununuliwa Kibirizi na Katonga na kupelekwa Kasulu na mbele yake. Ya pili ni chumvi ya Uvinza, ambayo watu wa nchi hii wameipika katika chemchemi zile tangu karne nyingi zilizopita. Ya tatu ni mawese katika mapipa ya lita 200. Na katika kurudi, gari huja na maharage na mahindi ya Buha. Mbali na biashara, nyumba ina safari zake: mama yetu ana ndugu Kasulu, watoto husoma mbali, zipo arusi, ziko tanzia, na kuna Maulidi. Mabasi yapo, twamshukuru Mwenyezi Mungu, na barabara za lami zimeongezeka sana kuliko tulivyozijua utotoni. Lakini kijiji kilicho nje ya barabara kuu hakina basi kila siku, na tanzia haingojei siku ya basi.

Basi zamani, lilipotokea jambo la ghafla, tulifanya kama walivyofanya watu wote: tulikodi lori, tukapanda nyuma. Mwaka 2011 tulipata habari ya msiba upande wa Kasulu, nasi tukapata nafasi katika lori la mtu ambaye hatutamtaja. Lilikuwa limepakia mapipa ya mawese, na wanawake na watoto waliketi kati ya mapipa hayo juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katika mteremko mmoja dereva alifunga breki kwa nguvu, kamba ikakatika, na pipa moja likabingirika. Pipa la mawese lililojaa lina uzito wa karibu kilo 200. Lilimbana dada yetu mguu penye ubavu wa bodi. Hakufa, alhamdulillahi, lakini goti lake halikurudi kama lilivyokuwa, na hadi leo hupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja. Mwenye lori alisikitika kwa dhati. Hata hivyo gari lake halikuwa na mahali pa mtu isipokuwa pa dereva na wawili kando yake. Wengine wote, katika hesabu ya gari lile, walikuwa mzigo.

Miaka ilipita. Sisi ndugu watatu tukafanya shirika. Tulikubaliana kuandika kila kitu: mtaji wa kila mmoja, fungu lake la faida, na fungu lake la hasara, na kwamba kabla ya kugawana chochote, kila safari itoe kwanza fedha ya matairi na ya matengenezo iwekwe peke yake. Tulingoja miaka mitatu zaidi kuliko kukopa kwa riba. Twamnasihi kila anayefanya shirika na nduguye asione haya kuandika. Karatasi huulinda undugu, kwani gari likiharibika, na gari lazima litaharibika, hapatakuwa na haja ya mtu kukumbuka nani alisema nini.

Ama katika kuchagua, swali la kwanza lilikuwa ukubwa. Gari dogo la tani tatu au nne hufika kila mahali, hata mwaloni, lakini chumvi hulichosha upesi. Lori kubwa lenye tela huchukua mara tatu ya tulichohitaji, lakini haligeuki katika vichochoro vya Ujiji wala halishuki penye mialo, na siku lisipopata mzigo kamili hula faida ya siku zote. Tukachagua la kati, la ekseli mbili, lililotumika Japani. Magari ya Japani yana usukani upande wa kulia kama sheria ya barabara zetu itakavyo, na vipuri vyake havikosekani.

Swali la pili lilikuwa injini. Zipo za zamani ambazo pampu yake ya dizeli ni ya chuma tupu, na zipo mpya ambazo huongozwa kwa vifaa vya umeme. Hizi mpya hunywa mafuta kidogo na moshi wake ni safi zaidi. Lakini nozeli zake haziwezi kuvumilia maji na uchafu katika dizeli, na zikiharibika, fundi wa njiani hawezi kuzitengeneza kwa nyundo na spana. Dizeli inayouzwa katika mapipa vijijini si safi sikuzote. Tukachagua injini ya zamani, na juu ya hayo tukaiongezea chujio la pili lenye kikombe cha chini ambamo maji hujitenga. Kila asubuhi kabla ya safari utingo hukifungua kikombe kile akayamwaga. Anayetaka injini mpya asiogopeshwe na maneno yetu, ila alitangulize chujio hili kabla ya redio na taa za mapambo.

Swali la tatu ndilo lililotuweka barazani siku nyingi. Lori tulilolitaka hupatikana kwa namna mbili. Ya kwanza ina chumba cha dereva cha kawaida, chenye safu moja ya viti. Ya pili ina safu mbili na milango minne, na huko kwao hutumiwa zaidi na zimamoto na makundi ya mafundi waendao kazini pamoja na vyombo vyao. Hii ya pili ni adimu katika magari makubwa, na kuingojea kulitupasa miezi. Na zaidi ya hayo, safu ile ya nyuma huila bodi. Katika gari tulilokuwa tukilihesabia, bodi la mita 6.2 lingekuwa la mita 5.2.

Kaka yetu mkubwa ndiye mwenye kujua hesabu kuliko sisi. Alichukua chaki akaichora bodi chini penye sakafu ya baraza, mita 6.2 kwa mita 2.3, kisha akaifuta mita moja. Akasema: "Tazameni. Mita hii moja, kwa upana wake, na kwa kimo cha mita mbili, ni mita za ujazo 4.6. Kila safari ya dagaa tutaacha mwaloni karibu fungu moja katika mafungu sita. Nani kati yenu atakayelilipa?" Maneno yake yalikuwa ya haki. Dagaa wakavu ni wepesi, lakini hujaza nafasi. Tumepima baadaye tukaona kwamba bodi letu likijaa dagaa mpaka juu halifiki hata tani 5. Mfanya biashara wa dagaa huuza nafasi, na anayemnyang'anya mita moja amemnyang'anya fedha.

Mdogo wetu akajibu kwa njia ya chumvi. Chumvi ni kinyume cha dagaa. Mfuko wa chumvi wa kilo 50 ni mdogo, lakini mifuko 160 ni tani 8, na gari hujaa uzito zamani sana kabla ya kujaa nafasi. Kwa chumvi na kwa mapipa ya mawese, mita ile iliyofutwa haipotezi hata shilingi moja. Hapo tukaanza kuhesabu safari za mwaka. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi zina siku zake za neema na siku zake za ukame. Na mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Waliokuwa na magari ya dagaa peke yake waliyaegesha. Mfano ule ulitufundisha kwamba gari la nyumba halifai kujengwa kwa mzigo mmoja tu.

Hata hivyo, hesabu haikutosha kumridhisha kaka yetu, kwani hasara ya dagaa ilikuwa bado ni hasara. Mama yetu alikuwa ameketi akisikiliza, na dada yetu yu kando yake. Sisi sote tulidhani dada atalitaja goti lake, na kama angalilitaja, hapana ambaye angalithubutu kumjibu. Hakulitaja. Aliuliza swali jingine kabisa: "Na utingo wenu atakaa wapi?"

Tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alijua jibu. Utingo hukaa juu ya mzigo. Wapakizi wawili ambao huchukuliwa mwaloni ili wakateremshe magunia Kasulu, nao hukaa juu ya mzigo. Jua likiwaka wako juu, mvua ikinyesha wako juu chini ya turubai, na gari likipinduka wao ndio wa kwanza kuwa chini yake. Sisi tulikuwa tukibishana juu ya safari za nyumba, ambazo huenda zikawa kumi kwa mwaka. Vijana wale wangesafiri na gari letu kila juma, nao ni watoto wa watu, na mama zao wako Mwanga na Gungu wakiwangoja. Kaka yetu aliikota chaki yake, akaandika ndani ya ile mita aliyoifuta: viti vinne. Kisha akasema, "Haya. Mita hii si ya jamaa zetu peke yao." Likaisha.

Gari lilifika baada ya miezi mitano. Lina viti sita, viwili mbele na vinne nyuma, na idadi hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi yake. Tuliwapa mafundi kazi ya kulifanyia matengenezo, nasi twayaeleza hapa moja baada ya jingine kwa faida ya mwenye kuhitaji.

Jambo la kwanza tulilolikataa ni kurefusha chasisi. Wapo waliotushauri kwamba mita iliyopotea irudishwe kwa kuikata chasisi nyuma na kuunga chuma. Bodi likipita mno nyuma ya matairi, mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, matairi ya mbele yakawa mepesi, na usukani ukawa hausikii. Na chuma kilichochomelewa vibaya hupasuka pale pale kilipoungwa. Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa kuongezewa majani ya springi. Springi nene hufanya gari lionekane limesimama wima hali limezidiwa. Huficha ugonjwa bila kuuponya.

Hapa inapasa tuseme neno juu ya mizani. Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na katika Tanzania ilianza kusimamiwa tarehe 1 Machi 2019. Kwa lori la ekseli mbili, ekseli ya mbele imeruhusiwa tani 8, na ya nyuma yenye matairi manne tani 10. Jumla tani 18. Wengi wakisikia tani 18 hufurahi wakapakia mpaka hapo. Lakini kila gari lina kibao cha mtengenezaji, na letu limeandikiwa jumla ya tani 15 tu. Likiwa tupu pamoja na bodi lina tani 6.5, kwa hiyo lililobaki ni tani 8.5, na ndani yake wamo watu, maji na vyombo. Mizani ya barabarani hulinda barabara, ambayo ni mali ya watu wote. Kibao cha mtengenezaji hulinda breki, ambazo ni roho za waliomo. Mtu mwaminifu hufuata kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, hata kama askari amempungia mkono apite.

Ili jambo hili lisitegemee kumbukumbu ya mtu mwenye haraka, tulimwambia fundi apige mstari mwekundu ndani ya bodi pande zote, kwa kimo cha sentimita 60 au kidogo zaidi, palipofika mifuko 160 ya chumvi iliyopangwa sawasawa toka mbele hata nyuma. Mstari huo unapita kidogo magoti ya mtu mzima, na juu yake bodi ni tupu, zaidi ya mita moja. Wafanya biashara wakiona hucheka: mbona nafasi tele? Utingo huwaonyesha mstari. Tumeona kwamba mstari wa rangi haubishaniwi kama anavyobishaniwa mtu, kwa maana haukubali soda wala hauna jamaa.

Bodi lenyewe tulilijenga kwa fremu ya chuma na sakafu ya mbao ngumu. Chumvi na chuma ni maadui. Unyevu wa chumvi hupenya penye viungo, na kutu huanza upande usioonekana. Kwa hiyo chasisi na sehemu zote za chini zilipakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kila baada ya safari ya chumvi gari huoshwa kwa maji matamu kabla ya kulala. Mawese nayo huifanya sakafu iteleze, na dagaa humpa harufu kila aliyekaa karibu nao; safu ya viti imetengwa nao kwa ukuta wa chuma na vioo, na mama yetu husema kwamba sasa anafika arusini akinukia udi aliojifukiza nyumbani.

Kwa ajili ya mapipa, fundi alichomelea pete kumi na mbili za chuma kando ya sakafu. Kila safu ya mapipa husimamishwa wima, hubanwa dhidi ya ukuta wa mbele, na kufungwa kwa mikanda yenye kikazo, wala si kwa kamba ya katani. Hatukubali pipa lililojaa nusu, kwani mafuta yanayochezacheza ndani huisukuma gari upande ule ule linakoinamia. Dada yetu alikuja siku ile mapipa ya kwanza yalipopakiwa. Aliutikisa kila mkanda kwa mkono wake, akarudi ndani.

Matairi tuliyachukua ya namna yenye mpira wa ndani, kwa kuwa yaweza kuzibwa popote penye pampu na vyuma viwili vya kufungulia. Lakini ringi zake zina pete ya chuma inayolishikilia tairi, na pete hiyo isipokaa vema huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua. Tumenunua fremu ya chuma ambamo tairi huingizwa kabla ya kujazwa. Ni kitu cha bei ndogo. Yeyote mwenye lori la namna hii asimruhusu kijana kujaza tairi akiwa ameinama juu yake.

Juu ya breki twasema mambo mawili. Kwanza, tangi za upepo hukusanya maji, nayo lazima yatolewe kila siku. Maji yakiingia katika mabomba, breki huchelewa kutii. Pili, mteremko hushukwa kwa gia ile ile ambayo gari lingeupandia. Dereva anayeshuka milima ya Buha kwa gia nyepesi huku amekanyaga breki muda wote huzichoma, na breki zilizopata moto kupita kiasi hazishiki. Ipo pia breki ya moshi, ambayo huiziba njia ya moshi ili injini yenyewe ilizuie gari. Yetu ilikuwa imekufa tulipolipokea gari, na kuifufua kulikuwa katika matengenezo ya kwanza. Tena chini ya bodi zimo kabari mbili za mti, ili gari lililosimama penye mteremko lisitegemee mawe yaliyookotwa.

Yabakia mambo madogo, nayo ndiyo watu wa nyumbani huyakumbuka zaidi. Mlango wa nyuma wa chumba ulikuwa juu sana, kwa hiyo tuliongeza kidato kimoja cha chini na chuma cha kushikia, kwa kipimo cha goti la dada yetu. Kila kiti kati ya vile sita kina mkanda, na dereva haondoki mpaka aone mikanda yote imefungwa, ya watoto na ya utingo pia. Kando ya bodi tulifunga tangi la lita 60 lenye bomba, kwa ajili ya udhu na kunawa. Na tumekataza kabisa maji hayo yasitiwe katika rejeta, isipokuwa katika dharura, kwani ya rejeta yana dumu lake. Lipo sanduku la mkeka, na sanduku la dawa. Usiku, safari ikiwa ndefu, benchi la nyuma huwa kitanda cha dereva, naye hulala kweli badala ya kuegemea usukani.

Sasa gari limefanya kazi zaidi ya mwaka, na twaweza kusema liliyotuletea na liliyotunyima. Wateja wawili wa dagaa walituacha wakaenda kwa wenye bodi ndefu, na katika miezi ya dagaa wengi tunapata pungufu kuliko wenzetu. Kaka yetu huandika upungufu huo katika daftari bila kuuficha, wala sisi hatumwambii asiuandike. Upande mwingine, hatujawahi kukosa utingo. Vijana wa mwaloni huuliza gari letu linaondoka lini. Mpakizi mmoja, mtu mzima mwenye kazi hiyo tangu ujana wake, alipanda mara ya kwanza akakaa kimya mpaka Kasulu. Alipoteremka alisema kwamba katika miaka yote aliyosafiri njia ile, hakuwa ameiona kupitia kioo.

Na zipo safari ambazo viti sita havitoshi. Likitokea jambo kubwa na watu wakawa kumi na wawili, wengine husema, "Bodi ni tupu leo, hapana mzigo, tupande." Hili ndilo jaribio gumu kuliko yote, kwa sababu anayeomba si mgeni, ni shangazi, ni mjomba, ni mzee uliyemwamkia shikamoo asubuhi ile. Jibu letu limekuwa moja. Sita wapande, tukianza na wazee na wenye watoto wadogo, na waliosalia tuwalipie nauli ya basi kutoka katika mfuko wa gari. Sheria ya nchi haikulifanya lori kuwa basi, na hata kama hapana askari njiani, bodi halina mkanda wala kiti. Mara ya kwanza palikuwa na manung'uniko. Mara ya pili yalipungua. Mara ya tatu shangazi yetu mwenyewe ndiye aliyewapanga watu, hawa garini, hawa kituoni.

Basi, enyi ndugu mnaokusanya akiba kwa ajili ya gari, chagueni injini mtakayoweza kuitengeneza, soma kibao cha mtengenezaji kabla ya kusoma bei, na mfungeni mizigo kwa mikanda iliyo imara. Lakini kabla ya yote hayo, andikeni katika karatasi majina ya watu watakaosafiri na gari hilo katika mwaka mzima, muanze na yule wa mshahara mdogo kabisa, kisha mtafute mahali pa kila jina. Jina lisilo na kiti, mwenyewe atawekwa penye magunia. Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wa nchi kavu na wa ziwani, wenye magari na wasio nayo. Amin.